Kubadilisha oili ya difu ya nyuma ya Subaru Impreza WRX ukiwa nyumbani

Swali la msomaji wa Dar es Salaam: Nimenunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004 yenye gia za mkono, iliyotoka Japani, na dashibodi inasoma kilomita 128,000. Sijui oili ya difu ilibadilishwa lini. Nikifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa nasikia mvumo kutoka nyuma. Fundi mmoja ameniambia kuwa oili ya difu haibadilishwi maisha yote ya gari, na mwingine anataka kuniwekea oili 90 ya kupima. Nina jeki ya sakafuni, spana za kawaida na ua wenye sakafu ya saruji. Je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe, na je, mvumo utakwisha?

Jibu: Ndiyo, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe, na kwa gari ambalo limekwisha kutumika nchi nyingine bila kumbukumbu za matengenezo ningekushauri uifanye mapema, kabla hujaanza kulikimbiza. Kuhusu mvumo, usiitegemee sana oili mpya. Mvumo wa nyuma kwenye Impreza mara nyingi hautoki ndani ya difu, na nitaeleza mbele namna ya kukitafuta chanzo chake.

Nianze na dai la fundi wa kwanza, kwa sababu lina sura ya ukweli. Difu ni lile sanduku la gia linalogawa mzunguko kwa magurudumu. Oili ya difu haikutani na moshi wala masizi kama ya injini, kwa hiyo inaweza kukaa miaka mingi bila kuonekana nyeusi, na difu huendelea kuzunguka bila kulalamika. Lakini fikiria kinachofanyika mle ndani. Pinioni, yaani gia ndogo inayopokea mzunguko kutoka kwenye shafti ndefu, haikai katikati ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa nayo, bali chini kidogo ya mstari wa katikati yake, na usanifu huo, ulioingia kwenye magari ya abiria ya Marekani tangu miaka ya 1920, ndio unaofanya meno yake yawe na nguvu na ukimya. Gharama yake ni kwamba meno hayo hayagusani na kuachana tu. Yanatelezeana kwa urefu, chini ya mgandamizo mkubwa na joto, kiasi kwamba utando wa oili ya kawaida ungefutika na chuma kikakwaruza chuma. Kwa hiyo oili ya difu hutiwa viambata vya salfa na fosforasi, ambavyo joto linapopanda hushikana na uso wa chuma na kujenga tabaka jembamba linaloliwa badala ya jino kuliwa. Tabaka hilo hujengwa na kuliwa, hujengwa na kuliwa, na viambata hupungua. Zaidi ya hapo, difu haina filta. Unga wote wa chuma unaozalishwa tangu gari litoke kiwandani unaendelea kuogelea kwenye oili na kupita kwenye beringi, isipokuwa ule ulionaswa na sumaku ya bolti ya kumwagia. Gari lenye turbo, linaloendeshwa kwa furaha ambayo mtu hununua WRX ili aipate, linaiumiza oili hiyo kuliko gari la kwenda sokoni.

Kabla hujashika spana, lazima ujue ni oili gani inakaa wapi, kwa kuwa hapa ndipo Subaru inapotofautiana na magari mengine mengi na ndipo watu wanapoharibu vyombo vya fedha nyingi. Kwenye Impreza yako ya gia za mkono, difu ya mbele na difu ya kati zimo ndani ya nyumba moja na gia boksi, na zote zinalainishwa na oili hiyohiyo, yenye ujazo wa takriban lita 3.5 kwenye gia boksi ya gia tano. Difu ya nyuma ndiyo pekee inayojitegemea. Inaning'inia peke yake chini ya buti, na oili yake haikutani na nyingine yoyote. Kwa hiyo ukisema umebadilisha oili ya difu ya nyuma, umefanya nusu ya kazi, na nusu ya pili ni oili ya gia boksi. Jirani yako mwenye Impreza ya otomatiki yuko katika hali tofauti kabisa: difu yake ya mbele ina oili yake, bolti yake ya kumwagia na kijiti chake cha kupimia, ingawa imeungana kwa nje na gia boksi. Kwenye magari hayo ya otomatiki, mtu huzoea kufungua bolti ya difu ya mbele akidhani anamwaga oili ya gia boksi, kisha anaongeza oili ya gia boksi juu ya ile ambayo haikutoka, na gari linatoka uani likiwa na difu kavu mbele na gia boksi iliyofurika. Usimwelekeze jirani kwa kufuata maelezo haya ya gari lako.

Sasa oili yenyewe. Unachohitaji ni oili ya gia yenye daraja la GL-5 na uzito wa 75W-90. Herufi hizo GL-5 ndizo muhimu kuliko chapa ya kampuni, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kuwa viambata vile vya kukinga meno vimo kwa kiwango ambacho krauni na pinioni za aina hii zinahitaji. GL-4 inavyo kwa kiasi kidogo zaidi, na haifai kwenye difu hii hata kama uzito wake ni uleule. Utasikia mafundi wakisema kuwa GL-5 hula shaba ya ndani ya gia boksi. Hoja hiyo ina msingi kwa gia boksi za magari kadhaa, lakini difu ya nyuma haina ringi za shaba za kuingizia gia, na hata kwa gia boksi yako Subaru wenyewe wanataja GL-5, kwa kuwa difu ya mbele imo humohumo.

Kuhusu "oili 90" anayokutajia fundi wa pili, namba peke yake haina kosa. Watu wengi huiogopa wakidhani ni nzito kama grisi kwa kuwa wanailinganisha na oili 40 ya injini, lakini namba za gia na namba za injini hazipimwi kwa ngazi moja. Oili ya gia ya 90 ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi ina uzito unaokaribiana na wa oili ya injini ya 40 au 50. Namba inayotangulia, yaani 75W au 80W, inahusu mwenendo wa oili kwenye baridi kali: 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri na 80W kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Pwani yetu haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo 80W-90 halali yenye GL-5 haitaiua difu yako iwapo ndiyo pekee iliyopo dukani. Nachagua 75W-90 ya sinthetiki kwa sababu nyingine: huvumilia joto kwa muda mrefu zaidi bila kuvunjika, na bei inayoongezeka si ya kutisha kwa sababu unahitaji chini ya lita moja. Ninachokukataza kwa nguvu zote ni hiyo "ya kupima". Oili inayomiminwa kutoka kwenye dumu lisilo na maandishi inaweza kuwa chochote, na hakuna njia ya kuikagua kwa macho wala kwa vidole. Harufu kali ya salfa, ambayo kila aliyewahi kufungua difu anaifahamu, inaonyesha tu kwamba salfa imo. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lakiri isiyoguswa, kutoka kwa wakala anayeaminika, na uhifadhi risiti.

Ujazo wa difu ya nyuma ya WRX ya kizazi chako, ambayo ni ile ndogo iitwayo R160, ni takriban lita 0.8. STI, toleo la WRX lenye nguvu zaidi, hutumia R180, iliyo kubwa zaidi, inayochukua takriban lita moja. Kwa WRX chupa moja ya lita inatosha na kubaki. Kwa STI nunua mbili. Kama difu yako ni ya LSD, yaani ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure wakati jingine limesimama, kwenye WRX za kawaida za miaka hiyo huwa ni ya aina inayotumia majimaji mazito ya silikoni yaliyofungiwa ndani ya chombo chake. Majimaji hayo hayachanganyiki na oili ya difu, kwa hiyo huhitaji kiongezi chochote. Hali ni tofauti kwa STI zenye LSD ya sahani zinazosuguana: hizo zinataka oili ambayo chupa yake imeandikwa kuwa inafaa kwa LSD, la sivyo difu itatetemeka na kugonga kila unapokata kona kali taratibu kwenye maegesho. Mara nyingi kuna kibandiko kwenye kifuniko cha difu kinachosema kama ni LSD, kama chumvi na miaka havijakifuta.

Vifaa si vingi, na hapa Subaru imekurahisishia. Bolti zote mbili za difu ya nyuma, ya kujazia juu na ya kumwagia chini, ziko kwenye uso wa nyuma wa difu, na kila moja ina tundu la mraba ambamo kichwa cha racheti ya nusu inchi huingia moja kwa moja bila soketi. Utahitaji pia kipande kifupi cha kurefushia, paipu ya kuongezea nguvu, brashi ya waya, dawa ya kulainisha kutu, beseni pana, mpira mwembamba unaoingia kwenye tundu la kujazia pamoja na pampu ya mkono au bomba kubwa la sindano, matambara, na spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza, kama unaweza kuazima. Washa za bolti, yaani zile ringi za kuzibia, nunua mpya kabla ya kuanza. Kama bolti zako ni za aina isiyo na washa, nunua gasketi ya maji ya kupaka kwenye nyuzi.

Endesha gari kwa dakika 15 hivi kabla ya kazi ili oili ipate joto. Oili yenye uvuguvugu hutoka na uchafu wake, ile baridi hujivuta na kuuacha chini. Usiiendeshe mpaka iungue, kwa kuwa bomba la moshi linapita jirani na mahali utakapoweka mikono yako.

Kuinua gari ndiko kunakoua watu, na sitaki uharakishe hapa hata kama mengine yote utayafanya kwa haraka. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, iwe ya sakafuni au ile ya kukunjwa inayokuja na gari. Lisimamishe kwenye saruji tambarare, weka gia ya kwanza, vuta breki ya mkono, na uzibe magurudumu ya mbele kwa vigingi vya mbao au mawe mazito. Kwa nyuma, jeki ya sakafuni huwekwa chini ya mwili wa difu yenyewe, kwenye chuma chake kinene, wala si kwenye kifuniko cha nyuma chenye bolti. Kisha stendi zinawekwa chini ya sehemu zilizoimarishwa za ubavu wa gari, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, na jeki inashushwa mpaka uzito wote ukae kwenye stendi. Lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni kabla hujaingia chini. Kama litatikisika na kucheza, afadhali lichezee hapo ukiwa umesimama. Na kwa kuwa gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, usiwashe injini na kuingiza gia wakati magurudumu mawili tu yako hewani. Yaliyo chini yatalivuta gari litoke kwenye stendi.

Kuna jambo la usawa ambalo wengi hulipuuza. Kiwango sahihi cha oili kwenye difu hii ni pale inapofika ukingo wa chini wa tundu la kujazia, na tundu hilo liko nyuma. Ukiinua nyuma peke yake, pua ya difu inainama, oili inakimbilia upande wa pinioni, na utalazimika kutia oili zaidi ya inayotakiwa kabla haijafika kwenye tundu. Vilevile, wakati wa kumwaga, kiasi fulani kitabaki mbele bila kutoka. Njia safi ni kuinua ncha zote mbili na kuweka stendi nne kwa kimo kimoja. Kama una stendi mbili tu, na WRX yako haijashushwa springi, watu wembamba huweza kufikia bolti gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya mbao nne pana na imara zenye unene sawa, ambazo gari linapanda kwa kuendeshwa. Matofali hayafai kabisa; hupasuka bila onyo.

Ukiwa chini, usiguse bolti ya chini kwanza. Fungua ya kujazia, ile ya juu. Sababu ni rahisi: ukishamwaga oili halafu bolti ya juu ikagoma, umebaki na gari lisiloweza kutembea hata hatua mia kwenda kwa fundi, na hiyo ni hasara isiyo na sababu. Bolti hizi hugoma kweli, hasa kwenye magari yaliyoishi sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Angalia lile tundu la mraba kwa karibu. Mara nyingi limejaa udongo uliokauka na kutu kiasi kwamba racheti inaingia nusu tu, na mtu akivuta hapo pembe za tundu zinamong'onyoka na bolti inakuwa ya kuchomelea. Chokonoa kwa bisibisi nyembamba mpaka uone chuma cha chini, piga brashi, nyunyizia dawa ya kutu pembeni mwa bolti na uiache inywe, kisha gonga kichwa cha kirefushio kwa nyundo mpaka kikae chote ndani. Ndipo uchomeke paipu kwenye mkono wa spana na uvute polepole kinyume cha saa, kwa nguvu inayoongezeka badala ya kushtua. Itakapoachia utasikia mlio mkavu, na baada ya hapo italegea kwa mkono. Kama haiachii kabisa, funga kazi hapo. Gari bado lina oili yake ya zamani na linaweza kuendeshwa hadi gereji.

Bolti ya juu ikishafunguka, weka beseni na ufungue ya chini. Simama upande, kwa sababu oili huruka kwenda nyuma kwa nguvu kuliko unavyotarajia na harufu yake haitoki kwenye nguo. Iache idondoke mpaka iwe matone ya mbalimbali.

Sasa chukua ile bolti ya chini uipeleke kwenye mwanga, kwa kuwa ndiyo taarifa pekee utakayoipata kuhusu hali ya ndani ya difu bila kuifungua. Sumaku yake itakuwa imevaa kofia ya tope la kijivu lililo laini. Lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: likiwa laini kama unga wa ngano uliolowa, huo ni uchakavu wa kawaida wa meno na beringi kwa kilomita nyingi, na hauna haja ya kukutia hofu. Ukihisi chembe zinazokwaruza, jua kuna kitu kinachomeguka, na beringi ndizo za kushukiwa kwanza. Ukikuta kipande chenye umbo, ukingo uliovunjika au kijiti kinachong'aa, hilo ni jino, na oili mpya haitasaidia. Difu inapaswa kushushwa. Tazama pia rangi ya oili kwenye beseni. Kahawia hadi nyeusi ni umri. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, na hili kwa mkazi wa Dar es Salaam si jambo la nadra. Difu iliyopata joto ikizamishwa ghafla kwenye barabara iliyofurika, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio kilicho juu yake au kupitia sili zilizochoka. Ukiona hali hiyo, jaza oili mpya, endesha siku chache, kisha imwage tena na ujaze nyingine, kwa maana maji yaliyobaki kwenye kuta na beringi hayatoki yote mara moja. Safisha na kipumulio.

Pima pia kiasi kilichotoka, kwa kuimimina oili hiyo kwenye chupa tupu za lita. Kikiwa pungufu sana ya lita 0.8, kuna aliyeijaza vibaya au kuna inakovujia. Mulika sili ya pinioni, pale shafti ndefu inapoingilia, na sili mbili za pembeni zinapotokea shafti za magurudumu. Unyevu mwepesi wenye vumbi unaweza kusubiri. Oili inayodondoka haiwezi.

Futa sumaku mpaka ing'ae, weka washa mpya au gasketi ya maji kwenye nyuzi, na urudishe bolti ya chini kwa mkono kwanza ili nyuzi zisipishane, ndipo ukaze. Kwa bolti hizi lenga takriban 50 Nm, na ulinganishe na kitabu cha gari lako. Kama huna spana ya toki, kaza kwa racheti ya kawaida bila paipu mpaka washa ibanwe na mkono uhisi ukinzani thabiti, kisha uishie hapo. Kifuniko cha nyuma si mahali pa kuonyeshea nguvu, na nyuzi zikichanika humo ukarabati wake ni ghali kuliko oili ya miaka kumi.

Kujaza ni suala la subira. Ingiza mpira kwenye tundu la juu, sukuma oili kwa pampu taratibu, na uhesabu kiasi kinachoingia kwa kutazama alama za chupa. Ikikaribia lita 0.8 itaanza kuchungulia ukingoni na kudondoka. Ngoja dakika chache hewa itoke na oili ishuke kwenye beringi, ongeza kidogo mpaka idondoke tena, kisha funga. Tumia vipimo vyote viwili, yaani tundu na ujazo, kwa sababu kila kimoja hukagua kingine: oili ikidondoka baada ya nusu lita tu, gari halijakaa sawa, ikiwa umetia lita nzima kwenye R160 na haijachungulia, gari limeinama au bolti ya chini inavuja. Usijaribu kuizidishia ukidhani unaikinga. Oili iliyozidi huchapwa na krauni mpaka itoe povu, povu halilainishi, na shinikizo lake huisukuma oili nje kupitia kipumulio na sili.

Futa difu yote iwe kavu, shusha gari, endesha kilomita kadhaa, kisha rudi uchungulie. Ukavu uliouacha ndio utakaokuonyesha kama kuna uvujaji mpya.

Nirudi kwenye mvumo wako. Kabla hata ya kununua oili, fanya uchunguzi huu kwenye barabara tulivu. Fika mwendo ule wa kilomita 80, kisha uachie mguu wa mafuta bila kukanyaga klachi. Kama mvumo unabadilika sauti au kutoweka pale nguvu inapogeuka kutoka kuvuta hadi kurudisha, ushahidi unaelekea kwenye krauni na pinioni. Kama haujali mguu wako bali unafuata mwendo tu, sikiliza unapopinda kwa upole kushoto na kulia. Mvumo unaoongezeka ukipinda upande mmoja na kupungua ukipinda upande mwingine kwa kawaida ni wa beringi ya gurudumu, na beringi za nyuma za Impreza za miaka hiyo zinajulikana kwa kuchoka. Ukipinda kushoto uzito unaenda kulia, kwa hiyo mvumo unaokua hapo hulituhumu gurudumu la kulia. Mvumo usiobadilika kwa lolote kati ya haya, lakini unaobadilika ukitoka kwenye lami laini kwenda lami ya kokoto, ni wa tairi.

Tairi hizo zichunguze kwa sababu ya pili pia, yenye uzito zaidi. Subaru wanataka tairi zote nne ziwe za vipimo na uchakavu unaolingana, tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Gari lenye tairi mbili mpya nyuma na mbili zilizokwisha mbele huilazimisha difu ya kati kufanya kazi kila sekunde hata kwenye barabara iliyonyooka, na joto linalotokana na hilo huichosha oili ya gia boksi na chombo kingine cha majimaji ya silikoni, kilicho ndani ya gia boksi hiyo. Magari mengi ya kuagizwa hufika bandarini yakiwa na tairi za kuokoteza. Pima mzingo wa kila moja kwa futi ya fundi cherehani.

Iwapo uchunguzi umeelekeza kwenye difu na oili iliyotoka ilikuwa na chembe, usitafute oili nzito zaidi ili kuzima kelele, kama baadhi ya wauza magari wanavyofanya. Kelele itapungua na meno yataendelea kuliwa. R160 iliyotumika, kutoka kwenye gari lililovunjwa, kwa kawaida ni rahisi kuliko kuifungua hiyo yako na kupanga upya krauni na pinioni, kazi inayotaka vipimo vya sehemu za milimita ambavyo gereji chache huvimudu. Ila hakikisha uwiano wa meno wa difu utakayonunua ni uleule wa gari lako, kwa kuwa uwiano wa nyuma usipoendana na wa mbele, difu ya kati itaharibika ndani ya safari chache. Uwiano unaweza kuuthibitisha kwa kuhesabu mizunguko ya shafti dhidi ya mizunguko ya magurudumu, yote mawili yakizungushwa pamoja, kabla hujalipa.

Baada ya mabadiliko haya ya kwanza, mimi ningeibadilisha tena oili ya difu ya nyuma kila kilomita 40,000, na mapema zaidi ikiwa gari linashiriki mashindano, linavuta mzigo au limevuka maji yaliyofika kwenye ekseli. Oili ya gia boksi ifuate ndani ya mwezi huohuo, kwa kuwa historia yake nayo huijui. Ile iliyotoka iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke kwenye gereji au kituo kinachokusanya oili chakavu. Usiimwage mtaroni, na usimpe fundi seremala wa kupaka mbao dhidi ya mchwa, kwa sababu ile salfa na unga wa chuma vitaishia kwenye mikono yake na kwenye nyumba ya mtu.